Jeki ni ya Kuinua, si ya Kushikilia

Ndugu msikilizaji, klachi ya gari ikiisha mjini, mwenye gari hulipeleka gereji na kwenda zake kazini. Kijijini mambo ni mengine. Pikapu ikigoma mlimani na mzigo wa ndizi au kahawa, gereji huwa ni ua wa nyumba ya mtu, na vifaa huwa ni jeki moja, spana chache na nguvu za vijana wa jirani. Juma hili nataka tuzungumze juu ya kazi ya kushusha giaboksi nyumbani. Inafanywa kila siku nchini, lakini huzungumzwa mara chache, mpaka gari limlalie mtu.

Nilipofika Nyakasimbi, wilayani Karagwe, niliwakuta mafundi wawili kando ya migomba, mmoja mtu mzima na mwingine kijana anayejifunza kwake. Kutoka wilaya hiyo hadi Bukoba ni zaidi ya kilometa 100. Nikauliza kwa nini gari halikupelekwa huko kwenye magereji makubwa. Yule mtu mzima akacheka: "Mwandishi, gari lisilo na klachi litafikaje Bukoba?"

Jibu hilo lilinitosha. Ufundi wa uani hautokani na ukaidi. Hali ndiyo inayoulazimisha, na haufai kubezwa. Wale mafundi walikwishatoa waya wa betri, wakamwaga oili ya gia, wakafungua propela, mkono wa gia na stata. Kila bolti iliwekwa kwenye kopo lake. Kilichonivutia zaidi ni vigogo vinne vya mkaratusi, vinene na vilivyokatwa sawasawa, vilivyowekwa chini ya chasisi. Magurudumu yalikuwa yamezuiwa kwa mawe. Kabla ya kuingia uvunguni, fundi alilisukuma gari kwa bega mara mbili, tatu. Halikutikisika. Ndipo akalala chini.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye uhai na mauti. Jeki ni ya kuinua gari. Haikuundwa kulishikilia wakati mtu amelala chini yake. Oili ya jeki ikivuja, au udongo ukititia, gari hushuka bila kubisha hodi. Tofali nalo si la kuaminiwa, kwani hupasuka ghafla. Tena giaboksi yenyewe ni mzigo. Ile ya pikapu yaweza kufika kilo 40 au 50, na ya gari linalovuta kwa magurudumu yote manne huzidi hapo. Haifai kupokewa kifuani na mtu mmoja. Ikiachwa ining'inie kwa shafti yake, huweza kuipinda klachi pleti mpya hata kabla gari halijawashwa.

Jambo la pili ni la wenye magari. Wengi humwambia fundi, "Weka pleti tu, hivyo vingine bado vizima." Lakini klachi ni pleti, presha pleti na rilizi beringi, vikifanya kazi pamoja. Beringi ndogo ikianza kulia baada ya mwezi, giaboksi nzima itashushwa tena, na jasho lote litamwagika upya. Kama oili inavuja nyuma ya injini na kulowesha pleti, sili nayo ibadilishwe hapo hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vumbi nalo tusilisahau. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Nimeona mafundi mahali pengi wakilipuliza kwa mdomo. Kitambaa kilicholoweshwa maji kinafuta vizuri, na hakirushi vumbi kuelekea puani.

Na madereva je? Karagwe ni nchi ya milima. Dereva anayelizuia gari mlimani kwa kukanyaga klachi nusu, badala ya breki, anaiunguza. Anayepumzisha mguu juu ya pedali safari nzima, naye vivyo hivyo. Ukisikia injini inanguruma lakini gari haliongezi mwendo, au ukinusa harufu ya kuungua, klachi inakuaga. Usiongeze mzigo.

Mafundi wa uani wanastahili zaidi ya shukrani. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi nje ya darasa. Halmashauri za wilaya zingefanya jambo la maana kuwafikisha wapimaji vijijini, maana fundi wa kijijini si rahisi afunge kazi na kulipa nauli kwenda kuwatafuta. Na yule kijana anayejifunza angefundishwa usalama kwanza, spana baadaye.

Lakini hayo yanahitaji bajeti na vikao. Vigogo vinne havihitaji kikao. Wewe mwenye gari, uwe Kariakoo au Karagwe, kabla hujamwambia fundi aingie uvunguni, inama mwenyewe utazame gari limekaa juu ya nini. Kama limekaa juu ya jeki peke yake, mwambie asubiri. Mzigo wa ndizi ukichelewa utaoza, na hasara yake inahesabika. Fundi ana watoto wanaomsubiri nyumbani.