BILI YA MUUGUZI ANAYEKUJA NYUMBANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kasikeu)



Nimeombwa niseme juu ya bili za muuguzi anayekuja kumtibu mtu nyumbani, na namna ya kuzidai kwa bima. Mimi si mtu wa vitabu. Nasema kwa kuwa nilipoteza pesa.

Mwaka 2023 nilianguka kutoka juu ya lori nikiwa kazini, mguu ukavunjika. Hospitali ilinilaza, kisha ikanirudisha hapa nyumbani, na daktari akaagiza kidonda kisafishwe na muuguzi. Alikuja mara 18, kila mara shilingi 500, jumla shilingi 9,000. Nilimlipa mkononi. Mwishowe akaniandikia karatasi moja: "Huduma ya nyumbani, sh. 9,000."

Kampuni ya bima ya tajiri wangu iliirudisha karatasi ile. Wakauliza: Huduma gani? Siku gani? Nani aliagiza? Muuguzi akatafuta katika daftari lake, akaona tarehe 11 tu. Nikalipwa 5,500. Zile 3,500 zilikwenda, nayo ni bei ya mbuzi mdogo.

Ndugu zangu, haki ilikuwapo. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini inamtaka tajiri alipe gharama za matibabu, za uuguzi wa mtu mwenye ujuzi, za safari, hata za magongo na mguu wa bandia. Tena inamlazimu awe na bima. Kilichokosekana ni maandishi. Bima haikuja kuona kidonda; ilisoma karatasi.

Basi, kwanza, jueni mlango wa kubisha. Ukiumia kazini, mlango ni wa tajiri. Mwarifu mara moja, kwa maandishi, naye anapaswa kupeleka habari serikalini kabla ya siku 7 kupita. Madai yako yasipite miezi 12. Usikubali kuambiwa, "Tumia kadi yako ya hospitali."

Lakini kama mama yako amepata kiharusi au ana ugonjwa wa sukari, mlango ni SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila mia, wala haipungui 300 kwa mwezi. Mkulima na mwenye duka hukadiriwa kwa mapato ya nyumba yake. Hakikisheni kwamba pesa mnazokatwa zimefika. Wako matajiri wanaokata na kukalia.

SHA huilipa hospitali iliyopatana nayo. Muuguzi uliyemwita mwenyewe, bili yake haipokelewi huko. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajatoka wodini, uliza: Nani atakuja nyumbani? Je, anakuja kwa jina la hospitali? Ni kipi kitalipwa, na kipi kitatoka mfukoni mwangu? Na mwenye bima ya kampuni aombe kibali kabla ya siku ya kwanza, si baada ya siku ya mwisho.

Wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita na mikoba kupima presha na sukari hawadai kitu. Wapokeeni vizuri, lakini msiwaandike katika bili.

Pili, nunueni daftari. Kila muuguzi ajapo, andikeni: tarehe, saa ya kufika na ya kuondoka, kazi aliyofanya, bandeji na dawa alizotumia, bei, jina lake na namba ya leseni yake. Atie sahihi, nawe utie. Agizo la daktari na risiti zote zikae humo humo. Msitoe karatasi yoyote kabla ya kuifanyia nakala.

Neno la mwisho. Mke wangu alinigeuza kitandani kwa wiki tisa. Yeye hakuingia katika bili yoyote, kwa maana sheria inataka mwenye ujuzi. Hilo ni jambo la chama kulidai, na naomba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu. Lakini yale ambayo sheria imekwisha kutupa, tusiyapoteze kwa kukosa daftari.