Mnunuzi Asiyetakiwa Kuridhika



Januari 1929, Charles Kettering, mkuu wa utafiti wa kampuni ya magari ya General Motors, alichapisha makala katika Nation's Business, jarida la wafanyabiashara wa Marekani. Kichwa chake kilishauri waziwazi kwamba mteja asiachwe akaridhika. Hoja ilikuwa rahisi: mtu aliyeridhika na alicho nacho hanunui kingine. Kwa hiyo gari jipya litoke kila mwaka, hata kama la mwaka jana linakwenda vizuri, ili mwenye nalo aanze kuliona la kizamani. Kettering hakuwa mtu wa hila. Aliamini kwa moyo wote kwamba kutoridhika ndiko kunakowasukuma wanadamu mbele, na akalisema hadharani jambo ambalo wauzaji wengine walilifanya kimyakimya. Naanza na makala hiyo kwa sababu hoja yangu yote ya leo imo ndani yake. Utamaduni wa ununuzi uliokomaa Marekani katika karne ya 20 unamwahidi mtu furaha, lakini uchumi unaoubeba unaendelea kuishi pale tu ahadi hiyo isipotimia. Anayetaka kuyaona matokeo yake hana haja ya kusafiri hadi Chicago. Yanafungwa kwa belo na kushushwa hapa mjini kwetu Morogoro.

Tulitazame belo hilo kwa karibu. La kawaida lina uzito wa kilo 45 hivi, limebanwa kwa mashine na kukazwa kwa mikanda ya plastiki. Mikanda ikikatwa, nguo hufumuka na kumwagika juu ya turubai, na mikono ya wachuuzi hukimbilia gredi ya kwanza: jaketi lisilo na doa, jinzi iliyovaliwa mara chache, na mara nyingine fulana ambayo kibandiko cha bei bado kinaning'inia shingoni. Si zote zinatoka Marekani. Ulaya, Kanada, China na Korea Kusini nazo hutuma. Lakini Marekani imo miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo hizi duniani, na njia zinayopitia inajulikana. Familia inapunguza kabati na kuzitoa kwa mashirika ya hisani. Maduka ya mashirika hayo yanauza sehemu. Zinazobaki wananunua kwa uzito wafanyabiashara wa kuchambua na kufunga. Na hizo zinazotufikia ni zile zilizonusurika. Kwa hesabu za mamlaka ya mazingira ya Marekani, mwaka 2018 nchi hiyo ilizalisha taka za nguo na vitambaa tani milioni 17, na zaidi ya tani milioni 11 kati ya hizo zilifukiwa kwenye madampo. Fulana yenye kibandiko haikununuliwa kwa sababu mwili ulikuwa uchi. Kilichonunuliwa ni muda mfupi wa kuamini kwamba maisha yangebadilika, na muda huo ulipokwisha kitambaa kilibaki kizima. Maisha yake ya kweli huanza huku, mama anapoinunua, akaikata mikono, akamvisha mtoto wa kwanza na kisha wa pili, hadi ikaishia kuwa tambara la kupigia deki.

Mtu makini atasema belo la nguo haliwezi kuthibitisha lolote kuhusu mioyo ya watu. Ni kweli, ndiyo maana lazima tusikilize wanachosema Wamarekani wenyewe. Mwaka 1974 mchumi Richard Easterlin alilinganisha ukuaji wa kipato nchini mwake tangu Vita Kuu ya Pili ilipomalizika na majibu ya watu walioulizwa kama wana furaha. Kipato kilikuwa kimepanda sana, majibu yakawa karibu yaleyale. Mwaka 2023 mganga mkuu wa serikali ya nchi hiyo, Vivek Murthy, alitoa waraka wa tahadhari kwa taifa zima kuhusu upweke, akiuhesabu miongoni mwa mambo yanayohatarisha afya. Mwaka uliofuata Ripoti ya Furaha Duniani iliiweka Marekani nafasi ya 23, na ilipowachukua vijana wa chini ya miaka 30 peke yao, Marekani ikaangukia nafasi ya 62. Hao ndio waliolelewa na matangazo tangu utotoni kuliko kizazi chochote kilichowatangulia. Sisemi kwamba matangazo peke yake ndiyo yamewafikisha huko, maana simu, gharama za nyumba na ada za vyuo navyo vina sehemu yake. Nasema tu kwamba wingi wa vitu haukuwakinga, ilhali kinga hiyo ndiyo waliyokuwa wakiuziwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika ripoti hiyohiyo. Mwaka 2017 Tanzania ilishika nafasi ya 153 kati ya nchi 155, Marekani ikiwa ya 14. Itakuwaje mtu wa karibu na mkia amkosoe aliye mbele? Baadhi yetu hujibu haraka kwamba kipimo ni cha Wazungu, kisha wakaendelea na shughuli zao. Mimi sikubaliani na wepesi huo. Mtoto anayeugua malaria, shamba lililosombwa na maji, mgonjwa anayebebwa kwa machela kutoka vijiji vya juu vya milima ya Uluguru hadi barabarani: maumivu hayo ni ya kweli kwa kipimo chochote, na fedha huyapunguza. Hata mjadala wa wataalamu umekwenda upande huo. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba hisia njema za kila siku huacha kupanda kipato cha Mmarekani kikifika dola 75,000 hivi kwa mwaka. Matthew Killingsworth akawapinga, na mwaka 2023 yeye na Kahneman walichapisha pamoja kwamba kwa watu wengi hisia hizo huendelea kupanda, isipokuwa kwa wale wasio na furaha kabisa, ambao wakifika kiwango fulani fedha haiwasaidii tena. Nayapokea matokeo hayo. Lakini angalieni namna ya kupanda kwenyewe: ili kupata nyongeza ileile ya furaha, kipato lazima kiongezeke maradufu kila mara. Elfu kumi inayomnunulia mkulima wa Kinole dawa na daftari inafanya kazi ambayo mamilioni hayawezi kumfanyia tajiri. Hiyo ni hoja ya kupambana na umaskini, na naiunga mkono kwa nguvu zote. Haimpi nguvu yule anayesema kila ununuzi unaofuata utaleta kile ambacho uliotangulia haukuleta.

Tena tuangalie swali linaloulizwa. Mhojiwa anaambiwa afikirie ngazi yenye vidato tangu 0 hadi 10, juu kabisa yakiwa maisha bora kwake kuliko yote, kisha aseme yeye amesimama wapi. Kidato cha juu anakichora mwenyewe kichwani. Miaka 60 iliyopita mkazi wa Matombo angekichora kwa kile alichokiona Matombo, Kilosa na pengine Dar es Salaam. Leo kijana wa palepale anakichora kwa picha zinazopita katika simu yake usiku kucha, nyingi zikiwa zimetengenezwa na watu wanaolipwa ili ajione yuko chini. Kwa hiyo namba anayoitaja inabeba mambo mawili kwa pamoja: uhaba anaouishi, na kutoridhika alikopandikizwa. Tunapaswa kuutibu uhaba bila kulipa gharama za kupandikizwa.

Wazee waliomo ukumbini wana pingamizi jingine, nao wanastahili kusikilizwa. Wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, foleni za sabuni, sukari na vitambaa. Wanakumbuka kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari hapa Wami-Dakawa tarehe 12 Aprili 1984 na ambaye jina lake limepewa chuo kikuu cha mji huu. Wanakumbuka pia viwanda vyetu. Kiwanda cha Viatu Morogoro kilijengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia ili kiuze viatu Ulaya. Kikatumia sehemu ndogo mno ya uwezo wake, soko la Ulaya halikupatikana, na mwaka 1990 kikafungwa. Baada ya biashara kulegezwa, mtumba uliwavika watu waliokuwa wamevaa viraka. Anayelinganisha utamaduni wa ununuzi na foleni zile ana haki ya kuchagua ununuzi. Ila sioni kwa nini tulazimishwe kuchagua kati ya hayo mawili. Kosa la miaka ile lilikuwa kushindwa kuwapatia watu mahitaji yao. Marekani imekwisha kuyapata mahitaji hayo na bado inaendesha viwanda kwa kutengeneza mapya. Ni matatizo mawili tofauti, na dawa ya la kwanza haiwi dawa ya la pili.

Na tusidhani kwamba hili ni suala la chaguo la mtu binafsi dukani tu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vipate nafasi. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yake, ambayo ikaanza kupitia upya haki ya nchi zetu kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika unafuu huo. Kama ile ingekuwa sadaka tu ya kabati zilizojaa, isingehitaji kulindwa kwa vitisho vya ushuru. Kabati haliwezi kupokea vipya kama vya zamani havina pa kwenda, na sisi ndio tuliokuwa pa kwenda.

Wapo watakaouliza kama majivuno ya vitu hayakuwepo kwetu kabla ya Wamarekani. Yalikuwepo. Waluguru walimtoa mwali kwa ngoma kubwa, pombe na chakula cha siku kadhaa, na pwani watu walishindana kwa nguo na ngoma mpaka wakafilisika. Sitaki kuwapamba mababu. Hata hivyo tofauti ipo, nayo ni ya kimsingi. Mali iliyotumika katika ngoma ya mwali iliishia matumboni mwa majirani, na aliyetumia leo alikuwa na haki ya kula kesho kwa mwenzake. Matumizi yale yalimfunga mtu kwa watu wake. Tena yalikuwa na mwisho: mwali akishatolewa, ametolewa. Ununuzi ninaouzungumzia hauna siku ya kutimia, na humwacha mnunuzi peke yake na deni lake.

Deni limeshatufikia. Hakuna mtaa wa Morogoro usiolijua jina la mikopo ya kausha damu. Mtu anakopa asubuhi, marejesho ni ya kila wiki au hata ya kila siku, anakopa kwa wa pili kumlipa wa kwanza, na mwisho wake godoro na televisheni hubebwa mchana kweupe majirani wakitazama. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Wengi hukopa kwa ugonjwa, ada na mtaji. Kuwalaumu kwa anasa ni kuwaonea. Lakini ipo mikopo ya sare za sendofu, ya simu mpya ilhali ya zamani inapokea na kupiga, ya sofa zinazowekwa sebuleni kwa ajili ya macho ya wageni. Marekani ilijenga mazoea hayo ikiwa na mishahara ya viwanda vyake. Sisi tunayachukua mazoea kabla ya mishahara.

Milima iliyo juu yetu inatupa mfano wa kuifanyia kazi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Maofisa hawakuwa wamezua tatizo; mmomonyoko ulikuwa wa kweli na bado upo, na Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unaubeba udongo huo hadi leo. Lakini wakulima walilima, wakavuna, wakaona kwamba matuta yameuzika udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule mfu, kazi imeongezeka na chakula kimepungua. Julai 1955 wakagoma. Matombo kukazuka ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Ninachokithamini hapo ni namna yao ya kuamua: ahadi ya mtaalamu waliipima kwa debe la mavuno.

Dira ya Taifa ya 2050, iliyozinduliwa mwaka 2025, inataka kipato cha wastani cha Mtanzania kifike dola 7,000 kwa mwaka. Nalitamani lengo hilo. Naomba tu kwamba safari ya kulifikia ipimwe kwa maswali ambayo utafiti wa mapato na matumizi ya kaya haujayapa uzito: mkopo wa mwisho ulikuwa wa nini na ulikuacha na nini, unalala saa ngapi, ukiugua usiku, nani atafungua mlango wako, kati ya ulivyonunua mwaka jana, ni vipi ungenunua tena. Wachumi wa Chuo Kikuu Mzumbe na watafiti wa Sokoine wanaweza kuanza na kata mbili, Kihonda huku mjini na Nyandira kule Mgeta, wakaziuliza kaya zilezile mwaka hadi mwaka kadiri kipato kinavyopanda, na majibu yakasomwa kwanza katika mikutano ya kata hizo kabla hayajapelekwa Dodoma.