Cheti cha Lugha Hupima Unachoweza

Msikilizaji, unataka kwenda Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi? Basi tega sikio. Mtihani wa lugha hauulizi umekaa darasani miezi mingapi. Unauliza unaweza kufanya nini kwa Kijerumani. Unaelewa unachosikia? Ukiandika, unaeleweka?

Muuguzi kwa kawaida hutakiwa kufikia ngazi ya B2 ya lugha ya Kijerumani. Mtihani wa ngazi hiyo wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Ukikwama sehemu moja, unarudia hiyo tu. Nasema tena: hiyo tu. Wala si lazima uwe umesoma katika taasisi hiyo. Kinachopimwa ni unachoweza.

Kabla ya kumpa wakala wa ajira hata shilingi moja, fika Goethe-Institut, Nairobi au Dar es Salaam. Uliza mwenyewe ada na tarehe za mtihani.