Mwendesha Mashtaka Aliyegeuka Mtetezi



Mara nyingi mawakili huulizwa na watu wema: "Vipi waweza kumtetea muuaji?" Swali hilo limejengwa juu ya dhana kwamba kosa limekwisha kuthibitishwa kabla ya kesi kusikilizwa. Leo nitalijibu kwa maisha ya mtu aliyefanya kazi pande zote mbili za mahakama: marehemu Johnnie Cochran wa Marekani.

Wengi humkumbuka kwa kesi ya O.J. Simpson ya mwaka 1995. Lakini Cochran alianza kazi mwaka 1963 akiwa mwendesha mashtaka wa jiji la Los Angeles. Baada ya miaka michache aliiacha kazi hiyo akafungua ofisi yake mwenyewe. Mwaka 1966 alimwakilisha mjane wa Leonard Deadwyler, aliyepigwa risasi na polisi alipokuwa akimkimbiza mkewe mjamzito hospitalini.

Kesi iliyomwandama zaidi ni ya Geronimo Pratt, mmoja wa viongozi wa Black Panther mjini humo. Mwaka 1972 Pratt alitiwa hatiani kwa mauaji ya mwalimu mmoja yaliyotokea Santa Monica mwaka 1968, akafungwa maisha. Alishikilia kwamba siku hiyo alikuwa Oakland, mamia ya kilomita kutoka hapo. Shahidi mkuu aliapa kwamba yeye si mpasha habari wa polisi. Cochran, aliyekuwa akimtetea Pratt, akashindwa.

Mwaka 1978 Cochran alirudi upande wa mashtaka, akawa miongoni mwa wakuu wa ofisi hiyo katika Kaunti ya Los Angeles. Kisha akarejea kwenye utetezi, wala hakumsahau mfungwa wake. Hatimaye, mwaka 1997, jaji aliifuta hukumu ile kwa kuwa upande wa mashtaka ulificha kwamba shahidi yule alikuwa mpasha habari kweli. Pratt alitoka baada ya miaka 27 kifungoni, minane kati yake akiwa peke yake chumbani. Baadaye alihamia kwa jirani zetu Tanzania, akafariki mwaka 2011 katika kijiji cha Imbaseni, karibu na Arusha.

Ndugu zangu, mwendesha mashtaka ndiye ashikaye ufunguo wa kabati la ushahidi. Wajibu wake ni kuisaidia mahakama ione yote yaliyomo, hata yale yanayomfaa mshtakiwa. Wakili wa utetezi hasimami kuyasifu mauaji. Husimama kudai kabati lifunguliwe. Na jamaa za marehemu hufaidi nini ikiwa aliyefungwa siye?

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, humpa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia. Basi jirani yenu akifikishwa kizimbani, msiishie kumpelekea chakula rumande. Muulizeni: "Umepewa maandishi ya mashahidi?" Ikiwa bado, na amwambie hakimu kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Neno hilo likisemwa mapema, huenda likamwepushia mtu miaka mingi ya gereza.