Mwili, Mavazi na Uanamke katika Maisha ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Tanzania

Mwanafunzi wa kike anayejiunga na chuo kikuu nchini Tanzania mara nyingi hutoka katika shule iliyomtaka akate nywele karibu na ngozi, avae sketi ya urefu uliopangwa na asithubutu kupaka rangi ya mdomo. Chuoni hakuna kengele wala sare. Kila asubuhi huamua mwenyewe atokeje chumbani, na uamuzi huo hupimwa na watu wasiokubaliana: mama aliyeko nyumbani, wenzake wa chumba, vijana waliojaa kwenye vimbweta, mlinzi wa getini, mhadhiri, na wanaomfuatilia Instagram. Wengi wanaojadili suala hili huanza na picha za ng'ambo. Picha hizo zina nguvu, lakini macho ya karibu ndiyo yanayomgharimu zaidi.

Macho ya kwanza ni ya nyumbani. Msichana wa Lindi, Mtwara au Zanzibar aliyepitia unyago amefundishwa na kungwi au somo wake usafi, mwendo, kauli, na shanga za kiunoni ambazo si za kuonwa na kila mtu. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa ngoma za unyago kama alivyosifika kwa taarabu. Mafunzo ya unyago humwandaa mke mtarajiwa. Akifika chuoni, binti huwa na maarifa mengi ya mwili wa faraghani na machache ya mwili unaosimama mbele ya ukumbi uliojaa kuwasilisha kazi ya kikundi.

Suala la unene linaonyesha mgongano huu vizuri. Binti akirudi likizo amepungua, huulizwa kama chuoni hawali. Akirudi amejaa, husifiwa kwamba amenawiri. Swali la kukonda lina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na nchini Uganda ugonjwa huo uliitwa Slim kwa jinsi ulivyokondesha watu. Waliokuwa vijana wakati huo ndio wazazi na bibi wa wanafunzi wa leo, na kwao kukonda hakujapata kuwa urembo mtupu. Hospitali nayo ina neno lake: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Simu inadai kitu cha tatu, umbo namba nane, yaani tumbo bapa na nyonga pana katika mwili mmoja. Kwa kuwa chakula hakichagui kiungo cha kunenepesha, pengo hilo huzibwa na wauzaji wa dawa za makalio, wengi wao wakiuza vitu visivyo na maelezo ya viambato.

Kwa anayetaka ngozi nyeupe, dawa ni mkorogo: losheni ya kawaida huchanganywa na tyubu ya krimu kali, kopo moja likatumiwa na chumba kizima. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, zebaki hudhuru figo, na krimu za steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vya aina hiyo, na Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Krimu bado zinapatikana. Vifundo vya vidole, viwiko na magoti hukataa kubadilika, ndipo watani wanaposema uso Fanta, miguu Coca-Cola. Wanaocheka hivyo ni wale wale wanaomwita msichana mweupe pisi kali, yaani mrembo.

Nywele ndizo zinazokula muda. Jumamosi jioni hosteli hugeuka saluni: mmoja amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, msusi yuko nyuma yake juu ya kitanda, pakiti za rasta zimening'inia kwenye ngazi ya kitanda cha juu, na maji ya kuchovya ncha yanachemka kwenye birika la umeme ambalo kanuni za hosteli zimelikataza. Kazi huchukua saa nyingi. Msusi naye ni mwanafunzi; bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, vichwa vya wenzake ndivyo vinavyomlisha. Hapo husemwa pia yasiyosemwa kwingine, kuhusu hedhi, wapenzi, na mhadhiri wa kuepukwa. Anayeyaita yote haya upuuzi wa urembo hajawahi kukaa katika chumba hicho.

Mavazi yana historia ya kiserikali. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi kuanzia Januari 1969. Mabango ya mavazi yaliyokatazwa katika vyuo vya leo yanaendeleza mkondo huo; mvulana hukatazwa mlegezo na hereni, msichana ana orodha ndefu zaidi. Mwaka 2018 Spika Job Ndugai aliwazuia wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni, kwa hoja ya afya. Baibui nalo halimwondoi mtu kwenye mizani: lina mitindo yake, bei zake na lawama zake kwamba linabana.

Lawama hiyo ya mavazi hurudi panapozuka malalamiko ya rushwa ya ngono, pale alama zinaposhikiliwa na mtu anayetaka mwili. Huulizwa binti alivaa nini alipokwenda ofisini. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 hakiulizi hivyo. Kinamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo, na kumwekea faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.