Riwaya za Kisiwa Chetu Zisomwe na Wenye Kisiwa

*Hotuba ya mratibu wa kundi la wasomaji wa riwaya kwa njia ya simu, iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata, Ukerewe*



Nawashukuru kwa kunipa nafasi katika mkutano ambao ajenda zake nyingine ni maji, barabara na usafiri wa ziwani. Najua wapo wanaojiuliza riwaya zina nafasi gani miongoni mwa mambo hayo mazito. Nitajitahidi kujibu kwa ufupi, kisha nitaleta maombi matatu.

Nianze na mtu wa kwetu. Marehemu Mzee Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, na maisha yake akayaishi hapa Ukerewe. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya ndefu kwa lugha ya Kikerewe, inayosimulia maisha ya wazee wetu kabla ya ujio wa wakoloni. Hakupatikana mchapishaji wa kitabu cha Kikerewe. Mzee hakukata tamaa. Alikaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 ikachapishwa na Tanzania Publishing House kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kazi hiyo ilingoja miaka 35. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla nakala za kitabu chake hazijamfikia mkononi.

Baadaye kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa. Mwaka 2002 Profesa Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kikerewe. Kwa hiyo msomaji wa Ulaya anaweza kujua jinsi babu zetu walivyovua, walivyolima, walivyotibu na walivyoposa. Jambo linalonisikitisha ni kwamba watoto wengi waliozaliwa hatua chache kutoka ziwa hilihili hawajawahi kuona hata jalada lake.

Huyo si peke yake. Profesa Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, hapahapa wilayani, mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa kusomwa shuleni kwa sababu ilisema wazi mambo ambayo watu walizoea kuyanong'ona. Wilaya moja ya visiwa imewatoa waandishi wa kiwango hicho. Mali tunayo, tulichokosa ni mazoea ya kuitumia.

Kundi letu lilianza kwa nakala moja iliyochakaa. Wasomaji walikuwa wametawanyika: mmoja Nansio, mwingine Ukara, mwingine kambini kwa wavuvi, mwingine ni kijana wetu anayefanya kazi Mwanza. Kuwakutanisha katika chumba kimoja kila juma kungegharimu nauli na siku nzima ya kazi. Tukaamua kukutana kwa WhatsApp. Kila juma tunakubaliana sehemu ya kusoma. Jumamosi saa 2 usiku msomaji aliyepangwa anatoa maswali mawili, na wengine wanajibu kwa maandishi au kwa ujumbe wa sauti. Aliyeko ziwani usiku huo hakosi kitu. Akirudi nchi kavu anasikiliza na kujibu kesho yake. Ujumbe wa sauti umewasaidia pia wazee ambao macho yao yamechoka.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaihusu kata. Tulipoanza kumsoma Mzee Kitereza, tulikutana mapema na mkasa wa Bugonoka. Ameolewa, hajapata mtoto, na ndugu za mume wanamtolea maneno makali. Wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere anampenda mkewe. Anawafuata wakwe zake, anaomba, anakubali kutozwa pombe ya ndizi, na hatimaye wanarudiana na kutafuta tiba. Swali la juma lile lilikuwa dogo: ni nani aliyekosea?

Tulitarajia mabishano ya kawaida. Badala yake mama mmoja alituma ujumbe wa sauti mfupi. Alisema kwamba naye aliwahi kurudishwa kwao kwa sababu hiyohiyo, na kwamba hadi siku ile hakuna aliyewahi kumuuliza kama mumewe naye alipimwa. Nimeruhusiwa naye kulisema hili bila kumtaja. Kundi lilinyamaza kwa muda mrefu. Kisha mwanachama mmoja, ambaye ni mhudumu wa afya, akaeleza kwa utaratibu kwamba chanzo cha kukosa mtoto huweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Kwa hiyo inafaa wanandoa waende kituo cha afya pamoja tangu mwanzo. Baada ya hapo wanaume wawili waliniandikia kwa faragha kuuliza wanaanzia wapi.

Ndugu zangu, tangazo la ukutani lingeweza kusema maneno yale yale. Lakini aliyeguswa na Bugonoka alikuwa tayari kusikia. Vivyo hivyo tulipomfikia Zakaria, baba yake Rosa, anayempiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Wazazi tuligawanyika. Wako waliosema baba alikuwa akilinda nyumba yake. Wengine walisema kipigo ndicho kilichomfundisha Rosa kuficha, na kwamba aliyezoea kuficha hatamwambia mzazi siku atakapokuwa hatarini. Hatukupiga kura. Baba mmoja alituambia tu kwamba jioni ile alizungumza na binti yake kwa mara ya kwanza bila kufoka.

Kwa kuwa watu husema mambo ya ndani, tumeweka kanuni tatu. Kwanza, linalosemwa ndani ya kundi kuhusu maisha ya mtu halitolewi nje. Pili, tunabishana na hoja. Hatumdharau mtu, wala kiwango cha elimu yake. Tatu, hatupigi picha kurasa za kitabu na kuzisambaza. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi wakati wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtu aliyengoja miaka 35 kitabu chake kichapwe hastahili kuibiwa na majirani zake. Tunaazimana nakala, na anayesoma kwa sauti anasoma kifungu kifupi tu cha kujadiliwa.

Hayo ndiyo mafanikio. Upungufu nao nisiufiche. Wenye simu ndogo hawamo. Wasio na fedha ya kifurushi huingia juma hili na kupotea juma lijalo. Wanawake ni wachache, kwa maana katika nyumba nyingi simu ni ya baba. Na nakala za vitabu hazitoshi hata kidogo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, tupewe chumba kimoja katika ofisi ya kata kila Jumamosi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 12, ili wasio na simu wasomewe, wajadili, na hoja zao ziingizwe kundini kwa simu ya mratibu.

La pili, Mheshimiwa Diwani atusaidie kupeleka pendekezo kwenye bajeti ijayo ili kata ipate rafu moja ya riwaya zilizonunuliwa kihalali, tukianza na za waandishi wa Ukerewe. Rafu hiyo itumiwe na shule zetu pia.

La tatu nawaomba ninyi wazee. Katika kitabu cha Mzee Kitereza mna majina ya mitego, ya vyungu, ya miti ya dawa na ya sherehe ambayo sisi tuliozaliwa baadaye hatuyajui tena. Kamusi haitatusaidia, ninyi mnaweza. Si lazima mjue kusoma. Njooni mtueleze kitu hicho kilikuwaje na kilitumikaje, nasi tutaandika. Kila mzee anayetutoka anaondoka na maneno ambayo hata kitabu hakikuyafafanua.

Mzee Kitereza aliandika ili mila na maisha ya Wakerewe yasisahauliwe. Sehemu yake aliimaliza mwaka 1945. Iliyobaki ni yetu, na haihitaji zaidi ya chumba, rafu moja na saa mbili za Jumamosi.