Doa la Mafuta Kwenye Kiti cha Ngozi

Msikilizaji mwenye gari, chipsi zimemwagika, kiti cha ngozi kimeingia mafuta. Usikimbilie maji. Na usisugue! Ukisugua, unayasukuma mafuta ndani zaidi ya ngozi.

Chukua kitambaa kikavu, gandamiza taratibu, mafuta ya juu yanyonywe. Kisha nyunyizia poda ya mtoto, ile ile ya dukani, ifunike doa lote. Iache usiku kucha. Poda ndiyo itakayofyonza mafuta. Asubuhi ipanguse kwa kitambaa laini. Doa bado lipo? Rudia poda.

Kuna waosha magari wanaopenda petroli. Wakatalie. Petroli hung'oa rangi, hukausha ngozi, mwishowe kiti kinapasuka.

Kumbuka: gandamiza kwanza, kisha poda, usisugue.